Kamera ya mfukoni na uso wa jirani

Wazee husema: macho hayana pazia. Maana yake ni wazi. Mtu apitaye njiani hawezi kukatazwa kuona yaliyo mbele yake, wala hana kosa kwa kuwa ameona. Mama auzaye sambaza sokoni huonwa na watu mia kwa siku moja, wala hamwulizi hata mmoja wao: kwa nini umenitazama?

Lakini tuseme mmoja wa watu hao mia ana kamera ndogo mfukoni, au aparei kama wengi wasemavyo katika miji yetu. Anaitoa, anapiga, anairudisha mfukoni, anakwenda zake. Yule mama hakujua neno. Je, mtu huyo ametenda sawa na wale tisini na tisa wengine, au ametenda jambo jingine?

Ndilo swali tutakalo kulipima leo. Halikutujia kutoka vitabuni. Lilitujia kwa sababu ya kijana mmoja wa parokia yetu hapa Bukavu, na picha moja aliyoipiga, nasi tulishindana juu yake kwa muda wa majuma mengi. Tutaisimulia habari hiyo. Lakini kwanza tukitazame chombo chenyewe, kwa maana hakuna awezaye kuhukumu kazi ya jembe asiyejua jembe ni kitu gani.

CHOMBO CHENYEWE

Kamera ya kijana huyo aliletewa na mjomba wake akaaye Ubelgiji. Jina lake ni Ricoh GR III. Ricoh ni kampuni ya Kijapani. Kamera ya kwanza ya ukoo huo wa GR ilitoka mwaka 1996, nayo ilitumia filamu. Mwaka 2005 ikatoka ya kwanza isiyotumia filamu, na hii GR III ikafuata mwaka 2019. Uzito wake, pamoja na betri na kadi, ni gramu 257 tu, yaani robo kilo na kidogo. Yaingia katika mfuko wa shati. Walakini bamba lake la kupokea nuru lina upana wa milimita 23.5 na kimo cha milimita 15.6, kiasi kile kile cha kamera nyingi zinazoning'inizwa shingoni. Bamba likiwa kubwa, nuru ipokelewayo ni nyingi, na picha huwa safi hata mahali penye kivuli.

Kamera ya namna hiyo hupendwa na wapigao picha za njiani, yaani picha za watu wapitao, wasiopangwa mstari wala kuambiwa wacheke. Twaona kwamba ina uzuri wa namna nne.

Wa kwanza, iko karibu. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Kamera kubwa huachwa nyumbani kabatini, na mambo yanayostahili kukumbukwa hayamngoji mtu arudi nyumbani kuitwaa.

Wa pili, haitishi watu. Ukiingia sokoni na kamera kubwa, nyuso hubadilika mara moja. Huyu ajinyosha, yule ageuka, watoto wakimbilia mbele. Kamera ndogo haiwashtui, nao huendelea na kazi zao kama kawaida.

Wa tatu, ni ya haraka. Yawaka kwa muda usiofika sekunde moja. Tena mpigaji aweza kuchagua umbali mapema, kwa mfano meta 2.5, kisha akabonyeza bila kungoja kamera itafute. Lenzi yake ni fupi, milimita 18.3, ambayo ni sawa na 28 kwa hesabu ya kamera za filamu. Akiupunguza mlango wa nuru mpaka alama ya f/8, vitu vyote kuanzia umbali wa meta moja na kidogo hata mbali sana huonekana wazi.

Wa nne, lenzi hiyo ni moja tu, haibadilishwi wala haivuti vitu vya mbali. Wengine huita huo upungufu. Lakini humfundisha mtu kutumia miguu yake. Akitaka uso uwe mkubwa katika picha, hana budi kusogea.

Upungufu wake nao haukosekani. Betri yachoka baada ya picha 200 hivi, na katika mji ambao umeme hukatika mara kwa mara hilo si jambo dogo. Hakuna tundu la kuchungulia; mpigaji hutazama kioo cha nyuma, na jua la saa sita likikipiga haoni kitu. Haina taa yake yenyewe. Haikufungwa vizuri dhidi ya mvua na vumbi, na vumbi letu la kiangazi twalijua. Siku ya upadrisho, ukikaa nyuma ya kanisa, askofu ataonekana mdogo kama siafu. Tena bei yake ilipotoka ilikuwa dola 899 za Marekani, na fedha hiyo kwa watu wengi wa kwetu ni fedha ya nyumba, si ya mchezo.

Hiyo ndiyo hesabu ya muuzaji na mnunuzi. Lakini kuna hesabu nyingine isiyoandikwa katika karatasi ya bei, nayo ndiyo iliyotutaabisha.

PICHA YA MAMA MCHUKUZI

Asubuhi moja kijana wetu alikuwa katika soko la Kadutu. Wakaaji wa Bukavu wanawajua akina mama wachukuzi, wapandao milima ya mji huu wakiwa na magunia mgongoni, kamba imekaza juu ya paji la uso. Mmoja wao, mwenye gunia la makala, mzigo ulimshinda. Akapiga goti moja chini. Kitenge chake kilikuwa kimeteleza, na machozi yalikuwa yanashuka. Kijana alisimama umbali wa meta moja na nusu. Akatoa kamera, akabonyeza mara moja. Hakuna aliyemwona. Kisha, tusimsingizie ubaya, aliirudisha kamera mfukoni akamsaidia yule mama kuinuka.

Picha ilikuwa nzuri mno. Tulipoionyeshwa, sisi tulioandaa sikukuu ya parokia, tulinyamaza wote. Tukasema: itundikwe ukutani katika ukumbi, watu waone jinsi mama zetu wanavyoteseka. Hakuna aliyeuliza jina la mama huyo. Tunaandika hivi waziwazi, maana kosa halikuwa la kijana peke yake.

Siku ya tatu mama mwenyewe akaja. Binti yake alikuwa ameiona picha, na wenzake shuleni walikuwa wamemcheka. Mama hakupiga kelele. Alitusalimu, akakataa kiti, akasema: "Baba zangu, mzigo ni kazi yangu, siuonei haya. Watoto wangu wanakula kwa mzigo huo. Lakini siku ile nilianguka. Mbele ya watoto wangu sijaanguka hata siku moja. Ninyi mmeniangusha mbele yao."

Picha ikatolewa ukutani saa ile ile. Lakini maneno yake hayakutoka katika mioyo yetu, na mashindano yakaanza.

MASHINDANO YETU

Kijana alijitetea hivi: "Kama ningalimwomba ruhusa, angalisimama, angalijifuta uso, angalitengeneza kitenge. Ningalipata picha ya mama aliyesimama vizuri, na mtu yeyote angaliitazama akisema: kumbe mzigo ule si mzito. Picha yangu haikusema uongo." Mwalimu mmoja akawa upande wake. Akasema kwamba wenye nguvu hupenda sana tuone haya kuonyesha mateso, kwa sababu yasiyoonwa hayaondolewi.

Hoja hiyo si nyepesi, wala hatutaki kuidharau. Wengine waliipima kabla yetu, tena katika nchi nyingi.

Mwaka 1888 George Eastman wa Marekani alianza kuuza kamera ndogo ya mkononi iitwayo Kodak, na tangu hapo mtu asiye na ufundi wowote aliweza kupiga picha. Miaka miwili tu baadaye, mwaka 1890, wanasheria wawili wa nchi ile ile, Warren na Brandeis, waliandika makala wakidai kwamba mtu ana haki ya kuachwa na faragha yake. Na kati ya mambo yaliyowaudhi walizitaja picha za kupigwa ghafula. Chombo na lalamiko vilizaliwa karibu pamoja.

Mfaransa Henri Cartier-Bresson alitumia kamera ndogo ya Leica, akafunika kwa utepe mweusi sehemu zake zinazong'aa ili watu wasiitambue. Kitabu chake cha mwaka 1952 kina jina la Kifaransa lenye maana ya picha zilizochukuliwa mbiombio na kwa kificho, kama mchuuzi asiye na ruhusa auzavyo njiani huku akiangalia polisi. Mmarekani Walker Evans alificha kamera ndani ya koti lake, akawapiga picha watu waliokaa mbele yake katika treni za chini ya ardhi za New York, kati ya mwaka 1938 na 1941. Lakini kitabu cha picha hizo hakikutoka mpaka mwaka 1966. Miaka ishirini na mitano! Twaona hapa mtu aliyejua kwamba kupiga ni jambo moja, na kuonyesha ni jambo jingine.

Katika mji ule ule wa New York, Philip-Lorca diCorcia alipiga picha za wapitaji kwa taa alizozificha juu ya njia. Mzee mmoja Myahudi, mfuasi wa jamaa ishikayo sana sheria ya dini yake, akaona uso wake umeuzwa kama kazi ya sanaa, naye dini yake ilimkataza sanamu ya namna hiyo. Alikwenda mbele ya hakimu. Mwaka 2006 hakimu akaamua kwamba picha ni sanaa, na sanaa ina uhuru wake. Mzee akashindwa. Sheria ya nchi ile ilisema neno lake, lakini sisi twauliza: je, neno la sheria lamaliza neno la dhamiri? Mambo mengi yanaruhusiwa na hakimu ambayo mtu mwema hayatendi.

SHAHIDI WA NCHI YETU

Mwalimu alitukumbusha habari nyingine, nayo ni ya nchi yetu wenyewe, wakati Mfalme Leopold II alipoitawala kama mali yake. Mwaka 1904, katika misioni ya Waprotestanti ya Baringa, alifika mtu mmoja jina lake Nsala. Walinzi wa kampuni ya mpira, iliyoitwa ABIR, walikuwa wamemwua binti yake mdogo na kumkata, kwa sababu kijiji hakikuleta mpira wa kutosha. Nsala alikuwa amechukua mkono na mguu wa mtoto, vimefungwa katika majani. Bibi Mwingereza wa misioni hiyo, Alice Seeley Harris, alimpiga picha ameketi barazani, akivitazama vilivyobaki vya mtoto wake. Picha hiyo na nyingine za namna hiyo zilionyeshwa Ulaya na Marekani. Mwaka 1905 mwandishi Mark Twain alitunga kijitabu, akamfanya mfalme ailalamikie kamera kama shahidi asiyehongeka. Na mwaka 1908 Leopold alilazimika kuiacha Kongo mikononi mwa serikali ya Ubelgiji. Picha peke yake hazikufanya yote hayo, lakini zilikuwa na sehemu kubwa.

"Basi," akasema mwalimu, "kama bibi yule angaliona haya, tungalikuwa wapi?"

Tulifikiri sana juu ya jambo hilo, nasi tukaona kitu ambacho mwalimu mwenyewe hakukiona kwanza. Nsala hakunyakuliwa uso wake. Alikuja mwenyewe na ushahidi mikononi. Aliombwa akae, akakaa, akijua anapigwa picha. Picha yenye nguvu kuliko zote zilizopigwa katika nchi hii wakati ule haikuibwa, bali ilitolewa na mwenye msiba. Wala ruhusa haikuiondolea ukweli hata chembe. Hivyo si kweli kwamba ukimwomba mtu, ukweli hufa lazima. Mara nyingine ukweli hupata mwenyewe wa kuusimamia.

HUKUMU YETU

Sasa tuirudie ile kamera ndogo, tuweke hesabu zetu mbili pamoja. Twaona jambo la ajabu: karibu kila uzuri wake ni hatari, na baadhi ya upungufu wake ni msaada.

Udogo wake hauwashtui watu; ndiyo, lakini pia huwanyima nafasi ya kusema hapana. Wepesi wake hukamata jambo lisilorudi. Ndiyo, lakini kidole huenda mbele ya dhamiri. Kwa muda usiofika sekunde moja hakuna awezaye kujiuliza kama afanyalo ni haki. Kwa hiyo swali lazima liulizwe mapema, nyumbani, kabla ya kutoka na kamera. Au baadaye, kabla ya kuionyesha picha.

Kinyume chake, ile lenzi fupi isiyofika mbali yatufundisha adabu. Mwenye lenzi ndefu hukaa mbali kama mwindaji mwenye bunduki. Mwenye lenzi hii hana budi kusimama mahali ambapo yule mwenzake aweza kumwona, kumsemesha, hata kumshika mkono. Ameingia katika hatari ya kujibu. Tena kuna jambo ambalo kamera za filamu hazikuwa nalo: kioo cha nyuma. Kioo kile tulichokilaumu kwa sababu ya jua, chaweza kugeuzwa. Mpigaji aweza kumwonyesha mtu uso wake papo hapo, akamwuliza: niiweke au niifute? Wapigaji wa zamani walikwenda na picha za watu zikiwa bado gizani ndani ya filamu. Sisi hatuna udhuru huo.

Kwa hiyo twatoa maoni yetu kwa mafungu matatu.

La kwanza: mtenda ubaya na mtendewa ubaya si mamoja. Mtu ampigaye mjane njiani, au amnyang'anyaye mchuuzi mali yake, hana haki ya kutudai ruhusa. Kamera ikimwona, imefanya kazi ya shahidi. Lakini anayeumia ni mwenye maumivu yake. Hatuwezi kuyatumia bila yeye, hata kwa nia njema. Nia yetu siku ya sikukuu ilikuwa njema.

La pili: kupiga si kuonyesha. Jambo likitokea ghafula, twaweza kuwa wavumilivu kwa aliyebonyeza kwanza akauliza baadaye. Lakini kutundika ukutani, kuchapa gazetini, kutuma katika simu za watu, hayo hayatokei ghafula. Hapo wakati wa kuuliza upo siku zote, na asiyeuliza amekataa kuuliza.

La tatu: tusidhani kwamba mtu ni wa kweli katika unyonge wake tu. Kijana alisema kwamba mama akisimama wima picha ingekuwa ya uongo. Sivyo. Mama yule huanguka mara moja, na husimama mara elfu. Yote mawili ni kweli. Kuchagua la kwanza na kuliacha la pili si kuonyesha ukweli mzima.

MWISHO WA HABARI

Kijana alikaa na picha ile siku nyingi bila kuifuta, na hatukumlazimisha. Ilikuwa picha yake bora, na alijua kwamba haitakuja nyingine kama hiyo. Mwishoni alikwenda Kadutu, akamtafuta mama, akamwonyesha picha katika kioo cha kamera, akaifuta mbele ya macho yake. Mama akamwuliza: "Mwanangu, ulitaka nini hasa?" Akajibu: "Mama, nilitaka watu waone uzito." Mama akasema: "Basi njoo nami."

Akapanda mlima pamoja naye mpaka mahali wachukuzi wapumzikapo. Huko juu, gunia bado mgongoni, kamba bado katika paji la uso, mama akageuka, akaitazama kamera, akasema: "Sasa."

Picha hiyo ya pili tunayo. Mwalimu asema kwamba haina nguvu kama ile ya kwanza, na kwa haki yake amesema kweli. Mtu akiipima kama picha tu, ya kwanza ilishinda. Lakini ukiitazama ya pili utaona mishipa ya shingo, na alama ya kamba, na macho yanayokuuliza wewe utazamaye kama umewahi kujua makala yako yanafikaje jikoni. Nayo imetundikwa katika ukumbi wetu, na binti yake huileta rafiki zake kuiangalia.

Wasomaji wapendwa, siku hizi karibu kila nyumba ina simu, na karibu kila simu ina kamera. Swali hili si la wenye dola 899 peke yao. Mnapoona ajali njiani, mnapoona mlevi ameanguka, mnapoona mama akilia kando ya kaburi, mkono huenda mfukoni kabla ya moyo kwenda kwa jirani. Macho hayana pazia, wala hatutaki yawe nalo. Lakini mkono una mwenyewe, nao waweza kungoja kidogo, mpaka mmoja wetu amekwisha kumwinua aliyeanguka na kumwuliza jina lake.